Zamu Ambayo Mithika Hakuicheza

"Huyu kijana hakufa alasiri," Daktari Lydiah alisema. "Alikufa asubuhi."

Inspekta Ciakuthii alikuwa amesimama upande wa pili wa meza ya chuma, katika chumba cha maiti pale Nkubu, akimtazama marehemu. Mithika alikuwa na miaka ishirini na minne, lakini mwili wake ulikuwa kama wa mtoto. Ugonjwa wa misuli ulikuwa umeanza kumla angali shule ya msingi. Ulimnyang'anya miguu kwanza, kisha mikono, na mwishowe hata pumzi ilibidi asaidiwe na mashine. Uso tu ndio uliokuwa wa mtu mzima. Mtu fulani alikuwa amemnyoa ndevu vizuri sana, bila kumkwaruza hata mara moja.

"Una hakika?"

"Kukakamaa kwa mwili sikutegemei, maana misuli yenyewe hakuna. Lakini damu ilikuwa imeshatulia mgongoni alipoletwa. Tena tumboni kuna uji tu. Dada yake alisema alimlisha nini mchana?"

"Viazi vya kuponda na maharagwe."

"Hakuna kiazi humo, Inspekta. Wala hakuna alama ya kunyongwa, wala ya mto usoni. Alikosa hewa, basi."

Ciakuthii aliwaza juu ya faili iliyokuwa mezani pake kituoni. Ilikuwa faili nyepesi kuliko zote alizowahi kupewa. Kiende, dada wa marehemu, hakungoja kuulizwa. Polisi walipofika Githongo aliwaambia mlangoni kwamba ni yeye: alimlisha kaka yake chakula cha mchana, kaka akacheza gemu yake kwenye kompyuta, yeye akapitiwa na usingizi, mashine ikazima. Alipoamka, Mithika alikuwa ameenda. Na gemu yenyewe ilimuunga mkono, kwa sababu ilionyesha kwamba Mithika alicheza mchana ule. Jumatatu msichana angepandishwa kortini kwa kuua bila kukusudia.

"Kuna jambo moja tena," daktari alisema, akivua glavu. "Huyo Kiende, nilimwona asubuhi ile ile. Alikuwa hapa hospitalini, kwenye foleni ya dawa."

"Dawa za nani?"

"Hilo siwezi kukuambia bila amri ya korti. Unajua sheria."

Ciakuthii aliijua. Alimfunika Mithika mwenyewe, akatoka.

*

Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya soko la Githongo, katikati ya mashamba ya kahawa. Sajini Muthamia, aliyekuwa akiendesha gari, aliliegesha nyuma ya lori lililokuwa likishusha viti vya plastiki. Majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika kwa ajili ya matanga.

Mama wa marehemu, Mwalimu Jedidah, aliwapokea sebuleni. Alikuwa amefundisha nusu ya watu wazima wa pale, na bado alivaa sweta yenye vifungo vyote vimefungwa kama anayekwenda kuitisha majina darasani.

"Karibu, mwari, binti yangu. Wewe ni wa nani?"

"Mimi natoka Embu, Mwalimu. Ni polisi. Pole sana kwa msiba."

"Asante. Mtakunywa chai."

Chai ililetwa. Alikuwa mama mwenye utulivu wa ajabu. Ciakuthii hakuwa ameinua kikombe mama alipomtazama tena na kusema, "Wageni hawajapewa chai? Kiende! Na huyu Mwongera umemwekea sukari?" Alikuwa akimwangalia Sajini Muthamia.

Kiende alitokea jikoni upesi. Alikuwa msichana mwembamba, macho yamevimba, leso imefungwa kichwani bila kioo. "Mama hajalala tangu siku ile," alisema. "Mwongera alikuwa baba yetu. Mama, nenda ukapumzike kidogo."

Mama alikwenda. Ciakuthii aliliona jambo hilo na kuliweka upande wa majonzi. Waliofiwa huchanganyikiwa, alishamwona mwanamume akiita jina la mke wake kaburini akimtaka amletee kofia.

Chumba cha Mithika kilikuwa safi. Kitanda cha kuinuka kilikuwa karibu na dirisha, mashine ya kupumulia juu ya stuli, na kompyuta juu ya meza iliyotengenezwa ipite juu ya magoti. Ciakuthii aliwasha mashine. Ilifanya kazi. Alichomoa waya wake ukutani. Mashine ikaendelea kidogo kwa betri yake, kisha ikaanza kulia kwa sauti kali iliyowafanya watu wa uani wanyamaze. Aliurudisha waya.

"Betri inakaa muda gani, Kiende?"

"Imezeeka. Haikai."

"Na hiyo sauti haikukuamsha?"

Kiende alitazama sakafu. "Nilikuwa nimechoka, madam."

"Stima ilipotea?"

"Hapana. Mashine ilizima tu."

Alijibu haraka mno. Ciakuthii aliigeukia kompyuta. Kando yake kulikuwa na kitufe cheupe cha kengele ya mlangoni, kimefungwa kwenye kipande cha sponji, waya wake umechomolewa na kukunjwa. Mahali pake palikuwa pamechomekwa mausi ya kawaida.

"Mithika alikuwa anacheza na nini?"

"Hicho kitufe. Kwa kidole gumba. Hicho kidole tu ndicho kilikuwa kimebaki."

"Na mausi?"

"Yangu. Nilikuwa natafuta namba za watu wa ukoo, niwapigie."

Kabla Ciakuthii hajauliza jingine, mlango ulisukumwa. Mtu mrefu mwenye simenti kwenye viatu alisimama hapo. Alikuwa Murithi, kaka mkubwa, fundi wa ujenzi aliyefanya kazi Embu na kuja nyumbani mara moja moja.

"Mnamuuliza nini tena?" alisema. "Si amesema amelala? Alipewa kazi moja, kumwangalia mtu mmoja. Akalala." Hakumtazama dada yake hata kidogo. "Na kama mnataka mtu wa kuuliza, muulizeni yule fundi wa simu kule mjini Meru. Yeye ndiye alimletea hiyo gemu. Kijana hakuwa na pumzi ya kucheza na bado anakaa hapo kutwa akiua viumbe. Nilimfukuza hapa siku moja. Akaendelea kumpigia."

"Anaitwaje?"

"Mursal."

Kiende alisema polepole, "Mursal ndiye alikuwa rafiki yake."

"Rafiki!" Murithi alitoka. Walimsikia uani akiwafokea watu wa viti.

Garini, Sajini Muthamia hakuwasha injini mara moja. "Huyo kaka ana hasira nyingi, madam. Na niliambiwa na jirani kwamba mwaka jana alitaka kijana apelekwe kwa nyumba ya kulelewa. Mama akakataa."

"Basi kesho asubuhi utaenda Embu uniambie alikuwa wapi siku ile. Mimi naenda Meru."

*

Kibanda cha Mursal kilikuwa karibu na soko kuu la mji wa Meru, kimejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa kijana wa Kisomali aliyezaliwa pale pale mjini na kuongea Kimeru kama wenyeji. Alipoona kitambulisho cha Ciakuthii, aliweka chini chuma cha kuchomelea na kufunga nusu ya mlango.

"Nilikuwa najua mtakuja," alisema. "Inna lillahi. Bado sijaenda kuwapa pole. Murithi hanitaki huko."

"Kwa nini?"

"Anadhani gemu ndiyo ilimmaliza. Madam, ile gemu ndiyo ilikuwa mahali pekee Mithika alikuwa anatembea."

"Nieleze, kama mtu asiyejua kitu."

Mursal alivuta kompyuta yake, akaiwasha. Kwenye skrini kulitokea uwanja wa miraba, kuta zilizobomoka, na anga la zambarau la sayari ya mbali. Askari wanne walikuwa wamesimama. Upande wa pili, viumbe warefu wenye pembe.

"Tunacheza pamoja, si mmoja dhidi ya mwingine. Wawili hawa ni wake, wawili ni wangu. Kila askari anaruhusiwa vitu viwili: asogee, apige, atibu mwenzake, ajifiche nyuma ya ukuta, ama akae macho amlinde mwingine. Ukimaliza, zamu inakuja kwangu. Nikimaliza, viumbe wanasogea. Hakuna saa. Hiyo ndiyo muhimu. Gemu zingine ni za vidole: usipobonyeza haraka umekufa. Zingine ni za zamu, lakini zinakuhesabia, muda ukiisha umepoteza. Mithika alishindwa na hizo zote, na si kwa sababu hakujua kucheza. Hii inangoja. Hata wiki, inangoja."

"Na kitufe kimoja kinatosha vipi?"

"Ndani kuna mahali pa kupanga." Alibonyeza. "Ona huu mraba wa mwanga. Unatembea wenyewe, unapita kwa kila kitu, kimoja kimoja. Ukifika unapotaka, unabonyeza. Ukiukosa, unangoja uzunguke tena. Kile kitufe nilikitengeneza hapa, kilikuwa cha kengele ya mlango. Nilipanga mwanga uende polepole sana, kwa sababu kidole chake kilikuwa kinachelewa. Na hawa viumbe unaona wana alama tofauti kichwani? Hizo ni zangu. Mimi macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani. Yeye ndiye alitafuta mpango huo akaniwashia. Alisema, 'Mimi kidole, wewe macho, tumekuwa mtu mmoja mzima.'"

Alipitisha kidole ukingoni mwa skrini.

"Siku ile alicheza mchana," Ciakuthii alisema. "Ni kweli?"

"Zamu ilichezwa mchana. Lakini huyo hakuwa Mithika."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa nimetoka msikitini swala ya adhuhuri. Nikafungua, nikaona askari wake wanasogea wakati huo huo naangalia. Wanakimbia, madam! Huyu hapa, yule kule, imeisha. Zamu ya Mithika ilikuwa inaweza kukaa nusu ya asubuhi. Nilikuwa nakunywa chai, nahudumia wateja, naangalia tena, bado mraba unazunguka. Ile iliisha kabla sijakaa kwenye kiti." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nilifurahi. Nilimwandikia, 'Wewe, leo umepona?' Nilikuwa namtania. Hakunijibu."

Ciakuthii alitazama skrini. "Mwendo tu? Labda dada yake alimsaidia. Yeye anasema, mwingine anabonyeza."

"Hakuwa anakubali. Hata akiwa na homa. Lakini sawa, tuseme alisaidiwa. Tazama hapa." Aliweka kidole juu ya askari mmoja aliyesimama mbele ya ukuta, peke yake, viumbe watatu wamemkabili. "Huyu ni wangu. Zamu iliyopita nilimtoa nje kwa sababu tulikuwa tumekubaliana, wa Mithika amlinde. Tulikuwa tumeipanga kwa simu usiku uliotangulia. Aliyecheza hiyo zamu hakujua mpango. Aliwarudisha wa Mithika wote nyuma ya ukuta, wakajificha, akaniacha wazi. Miaka yote tumecheza, Mithika hajawahi kuniacha wazi. Angepoteza wake wawili kwanza."

"Wewe ulicheza zamu yako?"

"Sijaicheza. Nikiicheza, viumbe watasogea, na yeye ndiye anafuata." Alifunga kompyuta taratibu. "Hii gemu inangoja. Acha ingoje."

Mlangoni Ciakuthii alimuuliza swali la mwisho. "Simu yenu ile ya kupanga. Alikuwa anasikika vipi?"

"Sawa tu. Alikuwa anacheka. Aliniambia kesho yake Kiende anaenda Nkubu, kwa hivyo atakaa na mama yake asubuhi. Alisema ni vizuri, mama atamwimbia."

*

Sajini Muthamia alirudi kutoka Embu siku iliyofuata. Walikutana kwenye kantini ya nyuma ya kituo.

"Murithi ni safi," alisema. "Wanajenga ghorofa mtaa wa Dallas, pale Embu. Msimamizi wao ni mzee anaitwa Nyaga. Anasema Murithi alikuwa juu ya jengo siku nzima wakimwaga zege, na zege huwezi kuiacha. Alipigiwa simu jioni. Aliketi kwenye mchanga akalia mpaka wakamletea maji. Wenzake wote walimwona."

"Na lile la pili?"

"Nilipita kiwanda cha kahawa cha Githongo kama ulivyosema. Siku hiyo mashine ya kumenya ilisimama asubuhi. Stima ilipotea mtaa wote. Watu walikaa na kahawa zao kwenye foleni wakilalamika, ikarudi kabla ya saa sita."

"Kiende aliniambia stima haikupotea."

"Basi alikudanganya. Alikudanganya hilo, akadanganya chakula, akadanganya gemu." Sajini alikuna kidevu. "Mimi naona hivi, madam. Alimwacha kaka yake peke yake akaenda zake Nkubu. Stima ikapotea, kijana akafa. Aliporudi akaogopa."

Ciakuthii alikuwa ameyazungusha hayo hayo kichwani njia nzima kutoka Meru, na kila mara kitu kilikataa kukaa.

"Kama aliogopa," alisema, "kwa nini hakusema ukweli? Ukweli ungemsaidia. Stima ilipotea, mimi nilikuwa hospitali, daktari mwenyewe aliniona. Hakuna korti ingemfunga. Watu tunaowashika kila siku, Muthamia, wanakihamisha kifo kiende mbali nao. Huyu alikichukua asubuhi, wakati hayupo, akakileta mchana, wakati yuko. Alikiweka mapajani mwake mwenyewe."

Sajini aliinua macho. "Kwa hivyo anamficha mtu."

"Murithi alikuwa Embu. Mursal alikuwa dukani kwake. Ni nani amebaki katika ile nyumba?"

Sajini alisukuma kiti nyuma. Alikuwa amekumbuka chai iliyoitishwa mara mbili, na yeye mwenyewe kuitwa kwa jina la mume aliyekufa.

*

Kiende alikuwa nyuma ya nyumba, anafua mashuka ya Mithika. Ciakuthii alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaketi.

"Dawa ulizochukua Nkubu ni za mama yako," alisema.

Mikono ya Kiende ilisimama ndani ya povu.

"Ameanza kusahau lini?"

"Madam, mimi nilishasema. Nililala. Andikeni hivyo."

"Hukulala. Ulikuwa kwenye foleni. Stima ilipotea, na mama ndiye alikuwa na Mithika. Ulirudi ukamkuta amekufa. Ukachomoa kitufe, ukachomeka mausi, ukacheza zamu yake, ili ionekane alikuwa hai ukiwa umefika. Mursal alijua papo hapo kwamba si yeye."

Kiende aliminya shuka, akalitua, akalishika tena kama aliyesahau kazi. Machozi yalianza kudondoka kwenye maji kabla uso wake haujabadilika.

"Kitufe sikuweza," alisema. "Nilijaribu nacho kwanza. Ule mwanga unaenda polepole... na yeye amelala pale. Sikuweza kuungoja."

"Niambie ulichokikuta."

"Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda, amemshika mkono. Aliponiona akaweka kidole mdomoni mwake. Akasema, 'Nyamaza, amelala.' Stima ilikuwa imerudi, mashine inafanya kazi, inapuliza tu hewa. Mkono wa Mithika ulikuwa baridi." Alivuta pumzi. "Mwaka mzima sasa anasahau. Si kila siku. Siku hiyo alikuwa mzima, naapa. Alipika uji, akaomba, akaniuliza kama nina nauli. Mithika mwenyewe alisema, nenda, sisi tuko sawa. Murithi hajui. Nilijua akijua atasema nyumba imeshindwa, atamtoa Mithika. Nikanyamaza. Kwa hivyo ni mimi, madam. Hata kama hamtaki kuandika, ni mimi."

"Na mama anajua nini?"

"Hajui. Ndiyo maana nawaomba. Mnifunge mimi, nitatoka. Yeye mkimwambia alikuwa hapo na akamwacha afe, hiyo hakuna siku atatoka." Alimshika Ciakuthii mkono kwa mkono wenye povu. "Usimuulize. Tafadhali, dada, usimuulize."

Ciakuthii alikuwa na miaka mingi kazini na mama yake mwenyewe alikuwa hai, Embu, akimngoja kila Jumapili. Alijua kwamba angeweza kuinuka hapo akaenda zake. Alijua pia kwamba Jumatatu hakimu angesoma maneno ya uongo na kumfunga msichana kwa hayo.

"Ni lazima nimsikie," alisema. "Lakini sitamwambia neno ambalo yeye hajaniambia kwanza."

Mwalimu Jedidah alikuwa chumbani kwa Mithika, anakunja soksi. Kiende alisimama karibu na dirisha, ameziba mdomo. Ciakuthii aliketi kwenye kitanda kitupu.

"Mwalimu, ile asubuhi Kiende alipoenda Nkubu, mlifanya nini wewe na Mithika?"

Mama aliendelea kukunja. Alijibu kwa Kiswahili kilichonyooka cha darasani. "Tulikunywa uji. Nikamnyoa ndevu. Ana ndevu kama za baba yake. Kisha taa zikazimika."

"Halafu?"

"Hiyo ikaanza kulia." Alielekeza mashine kwa kidevu. "Inalia vibaya hiyo. Mithika akasema, mama, washa jenereta. Funguo iko kwenye msumari." Mikono yake ilitulia. "Nikaenda. Nikaitoa funguo kwenye msumari, nikairudisha hapa, nikasimama. Nikamuuliza, hii ni ya nini?"

Kiende alitoa sauti ndogo. Mama hakusikia.

"Akaniambia tena. Jenereta, mama, kule kibandani. Nikatoka mpaka uani. Nikaona kuku, nikaona kamba ya nguo. Nilijua kuna kitu natakiwa kufanya. Nilikitafuta, mwari. Nilikitafuta sana. Nikarudi nikamwambia, Mithika, mimi sijui. Nilikuwa nalia, kwa sababu ile mashine ilikuwa inanigombeza."

Hapo aliacha Kiswahili, akaendelea kwa Kimeru. Kiembu na Kimeru ni ndugu. Ciakuthii alimfuata neno kwa neno.

"Mithika alinitazama. Kisha akasema, basi mama, usilie. Acha hiyo. Njoo uketi hapa, unishike mkono. Nikamwambia, na jenereta? Akasema, haidhuru, Kiende ataiwasha. Wewe niimbie. Nikaketi. Nikamwimbia ule wimbo wa watoto wa shule ya Jumapili. Alikuwa ananitazama tu, hakuwa amekasirika. Baadaye mashine ikanyamaza. Nikamwambia, afadhali, sasa utalala. Akafumba macho."

Aliweka soksi ya mwisho juu ya nyingine.

"Hakuniita tena," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa hapo."

Kiende alikuwa ameteleza ukutani mpaka chini, ameketi sakafuni. Alikuwa amebeba uongo ule siku zote hizo ili mama asijue, na mama alikuwa akijua kwa vipande. Lakini hili la Mithika hakuna aliyekuwa nalo. Kijana alikuwa ameelewa, pumzi zikiwa zinamwishia, kwamba hakuna atakayekuja, na pumzi alizobakiwa nazo alizitumia kumtuliza mama yake.

Ciakuthii alipoinua macho alimwona Murithi mlangoni, kofia mkononi. Hakujua alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Jumatatu hakuna korti," Ciakuthii aliwaambia, kwa sauti ya kazi, kwa sababu hakuiamini sauti yake nyingine. "Kiende, utakuja kituoni uandike upya, yote, kama yalivyokuwa. Kusema uongo kwa polisi ni kosa, na hilo nitalieleza mwenyewe kwa wakubwa. Hakimu atapewa faili ya kifo cha bahati mbaya. Mtu hashtakiwi kwa ugonjwa wake. Leo nitatia sahihi mpewe mwili mzike."

Mama alikuwa amegeukia dirisha. Nje, watu walikuwa wakipanga viti chini ya turubai.

"Mbona viti vingi hivyo?" aliuliza. "Kuna harusi?"

Kiende alijaribu kuinuka, lakini Murithi alikuwa ameshaingia. Aliweka kofia kitandani, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili.

"Ni vya matanga, mama," alisema. "Mithika ametuacha."

Mwalimu Jedidah alimtazama. Kisha uso wake ukavunjika, na kilio kikamtoka, kilio kizima cha mama anayepewa habari hiyo kwa mara ya kwanza. Watu wa uani waliacha viti.

"Kila asubuhi?" Murithi alimuuliza dada yake, juu ya bega la mama.

Kiende alitikisa kichwa kukubali. "Kila asubuhi anaamka anauliza kama amekula. Namwambia, analia hivi. Halafu anasahau."

Murithi alimvuta mama kifuani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumtazama Kiende usoni.

"Kesho lala," alisema. "Kesho nitamwambia mimi."

Ciakuthii alitoka kwa mlango wa jikoni, ili asipite mbele yao.